Kilwa Kisiwani: Kuhesabu Kabla ya Kutoa

KUTOKA Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni safari ya takribani kilomita 300. Barabara hupita Mkuranga na Kibiti, huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, hufika Somanga, kisha Nangurukuru. Hapo ndipo njia zinapoachana: waendao Lindi na Mtwara hunyoosha mbele, na waendao Kilwa hukata kushoto kuelekea baharini. Ukisimama ufukweni Kilwa Masoko na kutazama ng'ambo, kisiwa unakiona waziwazi, na ukuta mkuukuu wa Gereza umesimama kando ya maji kama mlinzi aliyesahauliwa zamuni.

Tuliifuata njia hiyo katika likizo iliyopita tukiwa na watoto 18 wa madrasa ya msikiti wetu na watu wazima wanne. Wengi hufika Kilwa kutazama magofu, na magofu yanastahiki kutazamwa. Mwaka 1981 mji huo pamoja na jirani yake Songo Mnara uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi tulikwenda kwa jambo jingine. Tulikwenda kuwafundisha watoto pesa, katika mji wa pwani yetu uliowahi kugonga sarafu zake wenyewe.

Kwa nini pesa, na kwa nini watoto

Fikra hii ilizaliwa darasani. Ustadh aliwauliza watoto wadogo pesa zinatoka wapi, na mmoja wao akajibu bila kusita: zinatoka kwa wakala. Jibu hilo lilitufikisha mbali. Mtoto yule alisema alichokiona. Akihitaji daftari, mama yake hubonyeza simu, huenda naye kwenye kibanda cha wakala, na noti hutoka dirishani. Asichokiona ni baba yake aliyeamka saa kumi za usiku kuwahi mnada wa samaki pale Feri, akasimama na ndoo yake hadi jua likapanda. Zamani mtoto aliiona pesa ikiingia nyumbani imekunjwa kwenye pindo la kanga au mfukoni mwa baba, ikihesabiwa mkekani, ikigawanywa. Leo inaingia kwa mlio wa ujumbe na kutoka kwa namba ya siri.

Katika kamati si wote waliolipokea wazo hili kwa furaha. Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu sana, alisema mtoto wa madrasa ajazwe Qur'ani kwanza, kwani mapenzi ya dunia huja yenyewe bila kufundishwa. Neno lake lina uzito. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Sura An-Nisaa aya ya 6, inawaagiza walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiwaona wana busara ndipo wawakabidhi mali zao, tena mbele ya mashahidi. Jaribio linatangulia, makabidhiano yanafuata. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hii tangu karne nyingi, wameeleza namna ya kulifanya jaribio hilo: mtoto apelekwe sokoni, aulize bei, apatane na muuzaji; na wakati wa kufunga mauziano ukifika, walii wake ndiye afunge, kwa kuwa mkataba wa mtoto peke yake haujatimia. Basi mtoto anashika kamba, na mkubwa anashika mwisho wa kamba.

Kwa msingi huo tuliipanga safari. Nauli ya basi na viingilio vililipwa na mfuko wa msikiti. Kila mtoto alikuja na shilingi 6,000 kutoka kwao, na kila mzazi aliombwa amweleze mwanawe ni kazi gani iliyozaa pesa hiyo. Tuliwapa mgawanyo: 2,000 za chombo cha kuvukia, 2,500 za chakula cha mchana kisiwani, 500 za sadaka, na 1,000 ya hiari. Binti mmoja wa darasa la sita, mwenye hati nzuri, aliteuliwa kuwa karani wa msafara, akapewa daftari na kalamu mbili.

Mapatano ya nahodha

Ufukweni Kilwa Masoko watoto watatu walitumwa kwa nahodha. Walimsalimia kwa adabu, "Shikamoo babu," wakaomba bei ya kwenda na kurudi kwa watu 22. Akataja 66,000. Wao wakataja 40,000. Mzee yule akacheka, akakaa juu ya ukingo wa chombo chake, akasema, "Wajukuu zangu, njooni tuhesabu pamoja." Akawahesabia: kuna petroli ya kwenda na kurudi, kuna mwenye chombo, kwani yeye ni nahodha tu, kuna kijana wa kushika kamba na kuwashusha watu, na kuna siku ambazo hapati abiria hata mmoja, lakini nyumbani chungu bado kinawekwa jikoni.

Watoto wakarudi nyuma kidogo kushauriana. Tulisimama karibu na kusikiliza bila kuingilia. Mmoja alitaka waendelee kuishusha bei. Mwenzake akamwambia kwamba wakiishusha tena, atakayekosa ni yule kijana wa kamba. Wakarudi na 44,000, yaani 2,000 kwa kila mtu, kama bajeti yao ilivyokuwa. Nahodha akaridhia, na Ustadh akafunga mapatano kwa niaba yao. Tuliona kwamba walikuwa wameelewa jambo ambalo watu wazima wengi hatulijali: kupatana bei ni haki, lakini bei ya chini kuliko zote huenda imemkanyaga mtu usiyemwona.

Ndipo karani alipoanza kukusanya, na ndipo hesabu ilipogoma. Kijana mmoja wa miaka kumi na moja alikuwa na shilingi 2,000 tu.

Haikuwa pesa iliyopotea. Basi lilipopumzika Nangurukuru alikuwa amewanunulia wenzake soda na karanga, kwa furaha kubwa, akikataa kurudishiwa hata senti. Alikuwa na moyo wa kutoa. Kilichokosekana ni kuhesabu. Baba yake ni dereva wa bodaboda, na tulijua kwamba elfu sita ile haikuwa nyepesi kwake. Watoto waliokunywa soda waliinamisha vichwa. Karani akauliza kwa nini tusimchangie tu, ikawa sadaka.

Swali lake lilikuwa zuri, na lilitugawa hata sisi wakubwa. Mama mlezi wa msafara aliona mtoto asiaibishwe mbele ya wenzake. Ustadh aliona kwamba tukilifunika, somo lote la safari litazama palepale ufukweni. Mwisho tulikubaliana kumkopesha kutoka katika akiba ya dharura ya msafara, na kuliandika deni kama Mwenyezi Mungu alivyoagiza.

Aya ya deni, ya 282 katika Sura Al-Baqara, ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Watoto wetu waliwahi kuisikia ikisomwa. Siku hiyo waliitumia. Inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye atamke, na ikiwa mdaiwa hawezi kutamka mwenyewe, basi walii wake atamke kwa haki, na washuhudie mashahidi. Tukampigia simu baba yake. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Yuko hapo ananisikia?" Kisha akatamka taratibu, na karani akaandika: shilingi 2,500, kutoka akiba ya msafara, zitalipwa kwa wiki tano, kila Jumamosi 500. Walimu wawili wakatia sahihi zao.

Msomaji ataona kwamba 2,000 zake na 2,500 za mkopo zilitosha nauli na chakula tu. Sadaka haikuwamo. Mtoto alitaka akope na 500 za sadaka pia, asibaki nyuma. Ustadh akamwambia kwamba deni hulipwa kwanza, na sadaka ya hiari haikopewi. Akamkumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba asiyekuwa na cha kutoa afanye kazi kwa mikono yake, na asiyeweza hilo amsaidie mwenye shida. Tulipofika kisiwani, kijana yule alikwenda moja kwa moja kwa akina mama waliokuwa wakitupikia wali na samaki, akawachotea maji hadi mapipa mawili yakajaa.

Sarafu isiyotaja thamani

Kisiwani tulianzia Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale ilijengwa yapata karne ya 11, kisha ukapanuliwa kwa nguzo, matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Watoto walitembea kimya kati ya nguzo zile, wakihesabu matao, mpaka mmoja akauliza gharama za ujenzi zililipwa na nani.

Zililipwa na bahari. Kilwa ilisimama mahali ambapo pepo za kaskazi na kusi huweza kukifikisha chombo na kukirudisha kwao. Dhahabu kutoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ilishuka hadi bandari ya Sofala, na Kilwa iliishika biashara hiyo kwa muda mrefu. Pamoja nayo zilikwenda pembe za ndovu, na kwa upande wa pili vikaja vitambaa, shanga na vyombo vya kaure kutoka China.

Katika mji huo masultani waligonga sarafu za shaba, ndogo na nyembamba. Upande mmoja liliandikwa jina la sultani. Upande wa pili yaliandikwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande zote mbili zikapatana kwa vina. Moja ya sarafu za Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, bara kabisa. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Watoto walitoa sarafu zao za shilingi 500, wakalinganisha: upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili nyati, na thamani imeandikwa kwa tarakimu. Wakashangaa kusikia kwamba sarafu ile ya kale haikutaja thamani yake. Jina la aliyeitoa lilitosha, kwa sababu watu walimwamini. Ustadh akawaambia kwamba hata noti ya leo ni karatasi tu mpaka pawepo uaminifu nyuma yake.

Baada ya Adhuhuri tulitembea hadi Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali likitazama bahari, lenye vyumba vingi, nyua pana na birika la pembe nane. Lilijengwa zama za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, katika karne ya 14. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo, akawasifu watu wake kwa dini na wema. Sultani aliitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba alikuwa akitenga khumsi ya ngawira na kuigawa katika mafungu yaliyotajwa na Qur'ani, na fungu la masharifu akaliweka katika hazina ya peke yake hadi waje wenyewe. Ijumaa moja, alipotoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa. Alipofariki, nduguye Daud alishika nafasi yake, na mwombaji alipomjia humjibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni wakaacha kubisha mlangoni pake.

Watoto wakamlaumu Daud kwa sauti moja. Ila kijana wa deni hakulaumu. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa birika kavu. Akasema, "Labda kweli hakukuta kitu. Kama mimi pale kwenye boti."

Hakuna aliyecheka. Ukweli wa hazina ya Daud anaujua Mwenyezi Mungu. Lakini mtoto yule alikuwa amelishika jambo kwa ncha yake. Sultani Al-Hasan alisifiwa kwa kutoa, na kabla ya kutoa alitenga mafungu. Ndiyo maana kila mwenye haki alikuta haki yake ikimngoja. Utoaji usio na hesabu hufurahisha siku moja na kufunga mlango siku ya pili. Na hesabu isiyo na utoaji ni mlango uliofungwa tangu mwanzo. Sura Al-Furqan aya ya 67 inawasifu waja ambao watumiapo hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali huwa katikati ya hayo. Katikati hapapatikani kwa kukisia, panahitaji kuhesabiwa.

Hesabu iliyo sahihi na haramu

Tungeweza kuishia hapo, lakini kisa cha fakiri kina sehemu nyingine, na tuliona si uaminifu kuwaficha watoto. Ibn Battuta anaeleza kwamba mwana wa sultani alizichukua zile nguo kutoka kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Binti mmoja akauliza: "Ustadh, watu ni bei ya nguo?"

Tukarudi hadi Gereza, ngome ya ufukweni ambayo Wareno walianza kuijenga walipouvamia mji mwaka 1505, na baadaye ikajengwa upya zama za Waomani. Hapo tuliwaeleza kwamba mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastre 20 kila mmoja. Mkataba uliandikwa. Bei ilitajwa. Idadi ilikuwa kamili. Kwa mwenye daftari, ilikuwa hesabu safi kabisa. Kwa mama aliyeporwa mwanawe bara akamsubiri miaka yote asirudi, ilikuwa nini?

Mtume (s.a.w.) ametufikishia kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama; miongoni mwao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akapata kazi yake kamili kisha asimlipe ujira. Tuliwaambia watoto kwamba mlango wa pili uko karibu nasi zaidi. Msichana wa kazi asiyelipwa mwisho wa mwezi, kibarua anayezungushwa "njoo kesho", fundi anayekatwa ujira kwa kisingizio. Hao wapo mitaani mwetu, na wengine wanafanya kazi katika nyumba ambazo watoto wake wanahifadhi Qur'ani. Mtoto anayemwona mzazi wake akichelewesha ujira wa mtu anajifunza pesa hapo, hata kama hakuna aliyemfundisha.

Kwa wazazi wenzetu

Si lazima kufika Kilwa. Yaliyofanyika kule yanawezekana katika soko la mtaani kwenu, na tunawausia ndugu zetu mambo machache.

Mweleze mtoto kazi inayowalisha, na ikiwezekana mchukue siku moja akaione. Simu inapolia kwa pesa kuingia, msomee ujumbe: kiasi gani, kutoka kwa nani, kwa kazi gani, makato ni kiasi gani, na salio limebaki ngapi. Mtume sokoni na orodha, umwache apatane bei mwenyewe, kisha wewe ukamilishe. Akirudi, mhesabu chenji pamoja, na ikiwa imezidi, mrudi naye dukani jioni ileile. Akiomba kukopa kwa nduguye, liandikwe hata likiwa la shilingi 200. Sadaka yake itoke katika chake, ingawa ni kidogo, wala asipewe noti mlangoni mwa msikiti aitumbukize kana kwamba ni yake. Na kazi za nyumbani, kama kufagia na kuosha vyombo, zisiwekewe bei. Hizo ni haki ya wazazi na wema kwa familia. Ajifunze kwamba kuna vyenye bei na kuna visivyo na bei.

Mzee wetu aliyekuwa na wasiwasi alitaka kusikia habari za safari, tukampa daftari la karani. Alilisoma lote: nauli 44,000, za watoto 36,000 na za wakubwa 8,000, chakula cha watoto 45,000, sadaka ya watoto 8,500, iliyokabidhiwa msikiti wa kijiji kisiwani, na ukurasa wa deni. Hakusema kitu kuhusu hoja yake. Aliuliza tu kama malipo yanakuja.

Yalikuja. Kila Jumamosi kijana yule alileta 500, aliyoipata kwa kuosha pikipiki kijiweni kwa baba yake na wenzake, naye baba alihakikisha wenzake wanamlipa palepale kabla povu halijakauka. Jumamosi ya tano karani alipiga mstari juu ya deni kwa rula, mashahidi wawili wakatia sahihi tena, na mzee wetu akaomba kalamu naye, akaweka yake chini kabisa ya ukurasa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie chumo la halali, hesabu ya kweli na mkono ulio wazi, sisi na vizazi vyetu. Amin.